Fundi Aliyeuliza Nani Anapanda Nyuma

Alisikiliza injini kwa kipande cha mpira wa kumwagilia maji, urefu wake mkono mmoja. Ncha moja aliiweka sikioni, ya pili akaitembeza juu ya chuma, polepole, macho amefumba. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Ukikohoa alikunja uso. Sisi madereva, watu wazima wenye ndevu, tulisimama kando mikono nyuma, tukisubiri atuambie gari lina nini.

Nilimjua zaidi ya miaka kumi na sikuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Fundi, basi. Pale Nyamityobora, mtaa wa magereji mjini Mbarara, kulikuwa na mafundi wengi, wa breki, wa rangi, wa umeme, lakini dereva wa njia ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale akisema gari liko kwa Fundi, hakuna aliyeuliza fundi yupi. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini kama mimi. Mke wake alibaki kambini akilima. Fundi alirudi kwake kila Jumamosi, Jumapili akaingia kanisani, na Jumatatu asubuhi utamkuta gereji ananawa mikono kwa sabuni. Kunawa huko kulitushangaza, kwa sababu ovaroli yake haikuonekana kuwahi kuonana na maji.

Sifa yake ilikuwa turbo. Kwa asiyejua, turbo ni kitu cha ukubwa wa papai kilichokaa ubavuni mwa injini. Ndani mna mapangaboi mawili kwenye fimbo moja. Moshi ukitoka unazungusha la kwanza, na la pili linasukuma hewa ndani ya injini, dizeli inaungua vizuri zaidi, gari linapata nguvu. Wenye kiwanda wameweka kilango cha kupunguza ile hewa isipite kiasi. Fundi alijua kukaza kijiti cha kile kilango kikachelewa kufunguka, halafu akafungua skrubu ya dizeli kwenye pampu. Robo mzunguko hapa, nusu pale. Pikapu iliyokuwa ikipanda vilima vya Isingiro huku inalia, ikirudi kutoka kwake ilipanda kama vile haina mzigo.

Lakini alikuwa anaogopa kazi yake mwenyewe, na hilo ndilo lililotufanya tumwogope yeye. Akitengeneza breki aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti mpaka majirani wakamwambia apunguze. Akishika turbo alinyamaza. Vidole vilimtetemeka. Alisimama kwanza mbele ya boneti, akainamisha kichwa, akasema maneno yake na Mungu, ndipo akachukua bisibisi. Mtu anayekuuzia nguvu huku anatetemeka, utalalaje? Wengine walisema ni uchawi. Mimi nilisema ni uzee. Hata hivyo nilipoondoka gerejini kwake nilikuwa na tabia ya kutazama nyuma kwenye kioo, nikihakikisha hanifuati kwa macho. Kila mara alikuwa ananifuata.

"Nguvu ya motere haitokake bure," alizoea kusema. "Kuna fasi inatoka."

Na jingine: "Motere haisemake bongo. Dereva ndiye anasemaka." Kwetu motere ni injini, na bongo ni uongo. Aliposema hivyo alimtazama dereva machoni, na dereva alitazama matairi.

Kabla ya kugusa turbo alikuwa na swali moja, na hakulisahau hata siku moja. "Nani anapandaka nyuma?" Ukijibu kwamba unabeba watu, alishusha boneti kwa mikono miwili, taratibu, kama anamfunika mtoto. Mazungumzo yalikwisha hapo. Niliwahi kushuhudia mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, Mnyankole mwenye heshima zake, analeta pikapu mpya inayong'aa. Fundi akauliza. Mzee akacheka, "Watoto yangu. Napeleka shule." Fundi akashusha boneti. Mzee akabembeleza, akapandisha sauti, akaita jina la mkubwa fulani anayemjua. Fundi akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akajifungia humo mpaka aliposikia ile pikapu inaondoka. Alipotoka alikuwa amelowa jasho.

"Papa Fundi," nikamwambia, "si ungemkatalia tu?"

"Nilikuwa na woga nitakubali," akasema.

Madereva walikwisha kujifunza jibu. Ukiulizwa, sema mizigo tu.

Mimi niliendesha pikapu ya tajiri mmoja wa Mbarara. Nilikusanya tomati na maharagwe kwa wakulima wa kambini na upande wa Rugaaga, nikapeleka sokoni mjini. Siku za soko walipanda kina mama juu ya magunia, wauzaji wenyewe, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Kila mtu alifanya hivyo. Tatizo langu lilikuwa milima. Magari ya wenzangu yalishapita mikononi mwa Fundi na yalifika sokoni kabla yangu, na tomati ya pili kufika ni tomati iliyokosa mtu.

"Kila siku gari ya mwenzako inafika mbele yako," tajiri akaniambia. "Kama wewe umechoka, sema, niko na dereva mwingine." Hakusema kwa hasira. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na kibali cha kuendesha nilichokipata kwa tabu kubwa. Siku ile ile nikaenda Nyamityobora.

Fundi aliniamkia vizuri. Wake zetu waliimba kwaya moja, na yeye alinihesabu kama mdogo wake.

"Papa Neema, nani anapandaka nyuma?"

"Hakuna, Papa Fundi. Tomati tu, na maharagwe."

"Siku ya soko?"

"Hata siku ya soko."

Alichukua kitambaa, akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Minakuuliza tena, ndugu yangu. Nyuma hakuna muntu?"

"Hakuna."

Akafanya kazi. Ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, na hakuimba. Alipomaliza alinawa, akakaa juu ya tairi kuukuu, na bila kuulizwa akaanza kuniambia jambo ambalo sijawahi kumsikia akimwambia dereva mwingine.

"Wakati ya kukimbia, bantu ya kanisa baliniletea pikapu moja. Bakasema, Fundi, tupande mulima mbele baaskari bafike. Nikafungua turbo. Nikafungua mingi. Nyuma ikajaa bamama na batoto. Mi nilikuwa natembea kwa miguu nyuma yao na jiwe, ya kuweka chini ya gurudumu kama gari inarudi. Ku kona ya tatu motere ikaanza kulia yenyewe. Dereva akazima, haikuzima. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe, unaona? Ilikuwa inajikula. Na mi nilikuwa na jiwe mu mukono." Akatazama kiganja chake. "Sijue ile jiwe niliitupa wapi."

Sikuuliza nani alikuwa nyuma. Nilikuwa na nafasi ya kusema, watu wawili tu tumekaa, jua la saa nane, na ningesema angerudisha zile skrubu zilikotoka na tungeagana kwa amani. Nikasema, "Pole sana, Papa Fundi." Nikachukua ufunguo.

Kabla sijaondoka alinipa kibao cha ukubwa wa sahani, amekigandisha mpira wa tyubu upande mmoja. Alisema kikae chini ya kiti. "Motere ikikataa kufa, ondosha bomba ya hewa, funga mudomo yake na hii. Usifunge na mukono. Itakula mukono. Na siku unaona moshi ya buluu, hata kidogo, simama, nitafute. Usiseme kesho. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alinifanya nirudie maneno yote, neno kwa neno, kama mtoto wa katekisimu.

Miezi ile iliyofuata nilikuwa wa kwanza sokoni. Tajiri alinisifu mbele ya watu. Lakini siri ile ilikaa nami ndani ya gari. Kila nilipokanyaga mafuta na kusikia turbo inapiga mluzi wake, nilisikia pia kina mama wanacheka juu ya magunia. Nilijifunza kuendesha huku nimeegemeza sikio dirishani. Usingizini niliona moshi.

Halafu nikauona kweli. Ulikuwa mwembamba, wa buluu, asubuhi nilipowasha gari. Ulitoka kidogo ukapotea. Soko lilikuwa kesho kutwa. Nikajiambia ni baridi, nitatazama kesho. Siku ya pili ukatoka tena, nikajiambia kesho, baada ya soko, nitampelekea Fundi. Alikuwa amenikataza neno "kesho", nami nililitumia mara mbili.

Siku ya soko nilipakia maharagwe na tomati, na juu yake wakapanda kina mama sita. Mmoja wao alikuwa Mama Furaha, jirani yangu kambini, mwanamke mnene mwenye mdomo mtamu, aliyekuwa akinitania kwamba naendesha kama ninayefukuzwa na nyuki. Tulipita Rugaaga vizuri. Katikati ya mlima mrefu nikahisi kanyagio linalegea chini ya mguu wangu ilhali injini inapanda. Nikatoa mguu. Ikazidi kupanda. Nikakanyaga klachi, na hapo ikapiga yowe ambalo sijawahi kusikia tena maishani, si chuma wala mnyama. Nikazungusha ufunguo, nikauchomoa kabisa, nikaushika mkononi. Injini ikaendelea. Nyuma yangu dunia yote ilikuwa moshi.

Nikakamata breki ya mkono kwa nguvu zote. Gari likasimama linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. "Shukeni! Shukeni!" nikapiga kelele, lakini waliposikia lile yowe na kuona moshi waliamini gari linalipuka. Hawakushuka, waliruka. Nilichukua kibao, nikafungua boneti, joto likanipiga usoni. Nikang'oa bomba la hewa, nikaona ule mdomo mweusi, nikaukandamizia kibao. Kilinyakuliwa kutoka vidoleni mwangu kikajibandika chenyewe. Injini ikakwama, ikajikung'uta mara mbili, ikafa.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko makelele, kwa maana ndani yake nilimsikia Mama Furaha. Alikuwa ameangukia mawe ya mtaroni. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na umejitokeza. Wenzake walikuwa wamepiga magoti kumzunguka, mmoja anaomba, mmoja amemfungia kitenge, tomati zimetapakaa barabarani na zinateremka mlima moja moja.

Alipelekwa hospitali Mbarara kwa gari lililopita. Mguu ulipona, lakini ulipona mfupi.

Polisi walikuja, tukaenda posti ya njiani. Fundi alikuwa ameitwa. Alifika kwa bodaboda, bado na ovaroli yake, akaingia akaniona nimekaa kwenye benchi, akanishika kichwa kwa mikono miwili kuhakikisha niko mzima. Alikuwa amenawa. Nilisikia harufu ya sabuni.

Afande alikuwa mtu mtulivu, mwenye daftari. "Wewe dereva. Hawa mama unabebaga kila siku?"

"Hapana, afande. Leo tu. Nilikuta wamekwama, nikawasaidia."

Wale kina mama walikuwa wamesimama mlangoni. Hakuna aliyenikanusha. Walihitaji usafiri wa wiki ijayo, na waliogopa kama mimi. Mkimbizi mbele ya daftari la afande ana uti wa mgongo wa uji.

"Sasa huyu fundi, wakati alifanya hii kazi kwa gari, alikuambia gari inaweza kuwa na danger?"

Niliona yote yatakayofuata nikisema ndiyo. Kibali kingeenda, na kazi nayo. Pengine wangeniweka ndani, pengine wangenirudisha nilikotoka, sikujua sheria, na asiyejua sheria huogopa zote. Fundi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu.

"Hapana, afande," nikasema. "Hakuniambia kitu."

Afande akamgeukia. "Fundi, unasema nini?"

Fundi akasema, "Turbo nilifungua mimi. Ile ni kweli." Hakuongeza neno.

Walimweka ndani siku kadhaa, wakamwachia. Lakini habari ilishatangulia. Madereva, wale wale aliowapandishia milima, waliondoa magari yao kwake. Akafunga gereji, akarudi kambini kulima maharagwe na mke wake. Tajiri alinipa gari jingine. Nikaendelea kuendesha, polepole, bila kubeba mtu.

Nilianza kumtembelea. Nilipeleka sukari, siku nyingine samaki wa ziwani. Hatukuwahi kuigusa habari ile. Alinipokea kama zamani, tukaongea mvua na mihogo. Nilikaa kwenye kiti chake nikiwa na hofu kwamba leo ataniuliza, na nilipoondoka nilikuwa na hofu zaidi kwamba hajauliza. Miaka ikapita hivyo. Masikio yake yalianza kuharibika. Ukimwita kutoka nyuma hakugeuka, na watu wakaanza kupaza sauti wakiongea naye. Mama Furaha alipita njia ile na mguu wake mfupi, akielekea kisimani, na kila alipopita mbele ya nyumba ya Fundi alitema mate chini.

Mke wa Fundi alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye macho yasiyopepesa. Niligundua taratibu kwamba hamsemeshi mumewe. Alimwekea sahani mbele yake, akaondoka. Mimi alinikaribisha kwa mikono miwili.

Mara ya mwisho nilipokwenda, alinisindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Papa Neema, Mungu akubariki," akaniambia. "Wengine bote bamemukimbia. Mi mwenyewe nabaki juu ya kiapo ya ndoa tu. Tulizikaka batoto babili ku ule mulima kule Congo. Akaniapia hatafungua tena gari yenye iko na bantu. Akafungua. Na hakuonya hata muntu. Unajua alinidanganya nini? Alisema ni wewe ulimuambia hakuna bantu, na alikuonya. Nikamuambia, Papa Neema ni muntu ya kanisa, hawezi kusema bongo mbele ya serikali. Nikamuambia asinisemeshe tena."

Nilisimama pale njiani. Yeye akageuka, akarudi nyumbani. Nikamfuata.

Uani walikuwa majirani wanne watano wanapukuchua maharagwe. Fundi alikuwa kwenye kigoda, ungo magotini. Nilichuchumaa karibu na sikio lake.

"Papa Fundi," nikanong'ona. "Mi ndiye nilisema uongo. Polisi. Ulinionya, nikakana."

"Nini?" akasema. Akaweka mkono nyuma ya sikio.

Nikarudia, juu kidogo.

"Sauti, ndugu yangu. Sauti."

Majirani walikuwa wameacha kupukuchua. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na chungu. Nilifikiria kuondoka. Miguu yangu ilikwisha kuamka, naapa, ilikwisha kugeuka. Halafu nikapiga kelele, kwa sauti niliyoitumia siku ile mlimani kuwaambia wale kina mama washuke.

"Ulinionya! Uliniuliza mara tatu nani anapanda nyuma, nikasema hakuna! Ulinipa kibao! Niliona moshi wa buluu siku mbili nikaendesha! Mbele ya polisi nikasema hukuniambia kitu! Ni mimi!"

Kuku mmoja alilia nyuma ya nyumba.

Fundi akashusha mkono kutoka sikioni. "Nilisikia mara ya kwanza," akasema kwa sauti yake ya kawaida, bila hasira. "Ni huyu mama ndiye alikuwa hajasikia."

Mke wake akaweka chungu chini. Alimtazama mumewe muda mrefu, na yeye akamtazama, na sikuelewa walichoambiana, haikuwa yangu. Kisha akanigeukia mimi. Nimekutana na askari wenye bunduki njiani, nimeshika injini inayojila, lakini sijawahi kumwogopa kiumbe kama nilivyomwogopa mwanamke yule.

"Mama Neema anajua?"

"Hapana, mama."

"Na Mama Furaha?"

Nilitikisa kichwa.

Akachukua kitenge chake kwenye kamba, akajifunga, akavaa kandambili. Fundi akaweka ungo kando, akaanza kuinuka kwa kushika magoti, na mke wake akampa mkono akamsimamisha. Nyumba ya Mama Furaha ilikuwa ya nne kutoka pale. Mlango wake ulikuwa wazi, na tulimsikia ndani anaosha vyombo.

"Tangulia," akaniambia.

Nikatangulia.